Yatokanayo

Miaka thelathini na minane niliandika kumbukumbu
za bodi ya kiwanda cha rangi, Barabara ya Lunga Lunga,
kwa hati mkato kwanza, kisha taipureta,
kisha kompyuta iliyonipigia mstari mwekundu
kila nilipoandika jina langu, Kavulani.

Mwaka wa sabini na saba niliandika:
Mwenyekiti alisema kampuni haina moyo, ina hisa.
Mwenye moyo aende nao nyumbani,
atoe sadaka mfukoni mwake, Ijumaa au Jumapili.
Wajumbe waligonga meza. Chai ikaletwa.

Kikao hichohicho Ondiek wa mapipa aliitwa
aeleze kwa nini vibarua watatu wanatetemeka mikono.
Alivua kofia.
"Na lile bomba la nyuma, linamwaga wapi?"
Mwenyekiti akanitazama mimi, si yeye:
"Hilo lisiandikwe."
Kalamu ilikuwa imeshatangulia.
Alama moja tu pambizoni, kama mkia wa panya.

Miaka ikaja na maneno yake, kama wageni na masanduku.
Themanini na nne, ukame, tulitoa unga wa njano
na tukapigwa picha; gunia lilikuwa dogo kuliko bango.
Neno likawa "msaada".
Bwana Hirji akauliza, tunasaidia au tunajitangaza?
Akajibiwa: yote mawili,
na yote mawili yapunguziwe kodi.

Tisini na kitu, wanunuzi wa ng'ambo walituma maswali:
mna watoto kazini? mna glavu?
Glavu zilinunuliwa Jumatatu,
Jumanne saa nne wakaguzi wakazikuta mikononi,
Jumatano zikarudi stoo. Nilizihesabu mwenyewe.
Jozi themanini, safi.
Neno likawa "wajibu".
Bi. Sarange, mwanamke wa kwanza kukaa upande ule wa meza,
alisema wajibu si zawadi, ni deni,
na deni halikatiwi utepe.
Mwaka haujaisha akaandikiwa barua ya shukrani.
Niliichapa mimi.

Kisha zahanati. Nisidanganye, zahanati ilikuwa nzuri.
Mjukuu wangu alichanjwa pale.
Akina mama wa Mukuru walijifungua
juu ya shuka zenye nembo yetu,
nami nilipita mlangoni nikijivuna,
hadi siku niliyosubiri foleni karibu na daftari la muuguzi
nikasoma safu ya magonjwa:
kifua, kifua, mikono inayotetemeka,
mtoto wa miaka minne, hajaanza kusema.
Panya huuma akipuliza.
Hatukuwa tumempima mtu damu. Tulimpa panadol
na kalenda ya kampuni.

Kila kikao kilifunguliwa kwa sala,
kisha "Yatokanayo na kikao kilichopita",
na bomba halikuwahi kutokana na chochote.
Asiyekuwepo na lake halipo:
Mto Ngong haukupewa kiti.

Mwaka wangu wa mwisho walikuja vijana wa ripoti,
karatasi nene, yenye kung'aa, harufu kama ya viatu vipya.
Neno lilikuwa "uendelevu".
Msichana wao, Nasieku, alipekua majalada
akitafuta historia ya kupendeza kwa ukurasa wa tatu.
Akafika sabini na saba. Akasita.
"Mama, hiki kimkia ni nini? Doa?"

Jengo zima hapakuwa na mwingine ajuaye hati mkato.
Ningeweza kusema doa.
Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likilia pii, pii.
Nilivaa miwani, ingawa sikuihitaji,
nikamsomea.

Akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa:
"Na jibu?"